Hatua Nane za Mzee Nandonde

Sikubembelezi uniamini. Kama umekaa hapo unisikilize ili baadaye ukanicheke kijiweni, cheka kabisa sasa hivi umalize, maana mimi mwenyewe nilikuwa mchekaji kuliko wewe. Haya ninayokusimulia yamenikuta mimi, kwa macho yangu haya, Chang'ombe, saa nane ya mchana, jua linawaka na mafundi wanachomelea mageti nje. Sikuwa nimelewa. Sikuwa na homa. Na nakwambia mapema, usije ukajifanya umegundua mwenyewe kwa akili zako nyingi: mzee aliyenijia siku hiyo alikuwa marehemu, ameshazikwa na watu wameshatawanyika. Lakini tatizo si hilo. Tatizo ni nilichomfanyia alipokuja.

Kwanza unifahamu mie ni nani. Natengeneza midundo ya singeli. Studio yangu ni chumba kimoja nyuma ya karakana ya Kessy, fundi wa kuchomelea, Mchaga mmoja mpole asiyejua muziki na wala hajali. Ukutani nimebandika trei za mayai eti kuzuia kelele; hazizuii chochote. Wenzangu wenye majina wana kompyuta zinazong'aa na vinanda vyenye taa. Wanapakua milio iliyokwisha kupikwa huko ng'ambo, wanaipanga, wanajiita maprodyuza. Mtu anapasha kiporo halafu anajiita mpishi! Nilikuwa nawadharau. Bado nawadharau, sema siku hizi sina mdomo wa kulisema hadharani.

Mimi natumia kitu kinaitwa traka. Ni programu ya zamani ya kutengenezea muziki, haina picha wala urembo. Ukiifungua unaona namba tu, safu kwa safu, zinateremka kutoka juu kwenda chini, na kila namba ikipita kwenye mstari wa katikati, sauti inalia. Hata kipanya sigusi, ni vidole na kibodi. Wasanii wakiingia wanaiona ile skrini wanauliza kama nafanya mahesabu ya duka. Mimi nawaacha na ujinga wao.

Sasa tulia hapa, maana bila hili hutaelewa kilichonipata. Utamu wa traka uko kwenye majedwali. Unachukua sauti moja, tuseme pigo moja la ngoma. Unaipa jedwali lake lenye mistari, na kila mstari ni hatua moja. Hatua ya kwanza, lia kwa nguvu zote. Ya pili, shuka kidogo. Ya tatu, kwaruza. Ya nne, panda. Unaendelea hivyo hadi unapotaka, unaweza hata kuweka hatua ambayo sauti yake ni sifuri, kimya kitupu, ili sikio lipumue. Mstari wa mwisho unaandika amri: rudi hatua ya kwanza. Basi. Pigo moja lililodumu kufumba na kufumbua linakuwa kitu kinachotembea, kinapanda, kinashuka, kinarudi, na hakikomi mpaka wewe mwenyewe useme. Nilikuwa naipenda sana hiyo habari ya mpaka mimi niseme.

Pigo lenyewe nililipata Mbagala. Kulikuwa na sherehe ya watoto waliotoka jando, nyumbani kwa watu wa kusini, na mpiga ngoma mkuu alikuwa Mzee Nandonde. Mzee mwembamba, kofia nyeupe, shati la kijani lenye kiraka begani. Ngoma yake aliikausha kwenye moto wa vifuu vya nazi, akaigonga kwa kidole, akaisogeza tena motoni, akaigonga tena, mpaka nikachoka kumtazama. Nilisimama pembeni nimenyoosha simu narekodi. Akaniona.

"Mwanangu, unachukua?"

"Nachukua, mzee."

"Basi chukua mpaka mwisho. Mimi ngoma nikiifungua, naifunga mwenyewe. Usinikatie njiani."

"Sawa, mzee," nikamjibu, kama unavyomjibu mtoto anayekwambia akiwa mkubwa atarusha ndege.

Akaipiga. Sitakudanganya, aliipiga. Lakini mwisho wenyewe ulipokaribia, mambo yakapoa. Akapiga pigo moja zito, akanyamaza. Mimi nikanusa pilau. Nikaona masinia yanatoka. Nikazima simu, nikaenda kuwahi nafasi. Nikiwa nimeshakaa na tonge mkononi nilisikia pigo la pili, halafu la tatu, halafu watu wote wakawa kimya, hata watoto. Nikageuza shingo. Mzee alikuwa ameweka kiganja juu ya ngozi ya ngoma, amefumba macho, hajisogezi. Alikaa hivyo muda mrefu. Nikamwambia jirani yangu kwenye sinia kwamba mzee amesinzia. Yule mtu hakucheka. Baadaye mzee akautoa mkono, akailaza ngoma kifudifudi, na ndipo watu wakaanza kuongea tena.

Studio nikalikata pigo moja la katikati, pale mkono unapoinuka juu na kushuka kwa ghadhabu. Nililipa jedwali la hatua nane. Hatua ya saba niliinyima sauti kabisa, sifuri, na ya nane ikawa na amri ya kurudi mwanzo. Nikaongeza mwendo hadi ule wa singeli unaokimbiza moyo. Msanii mmoja wa Tandika akaingiza maneno yake, maneno ya ovyo kama kawaida yao, na wimbo ukaenda. Ukapigwa kwenye vigodoro, zile ngoma za kukesha mitaani, kwenye bajaji, saluni, hadi Kigamboni watu wakawa wanaucheza. Mwisho wa wimbo ule ngoma haiishii popote. Niliikata tu.

Siku moja simu ikalia. Namba yangu ipo kwenye kila video, hivyo kila mwenye shida zake hunipigia.

"Mimi naitwa Somoe, binti wa Mzee Nandonde wa Mbagala. Baba anaumwa, kaka. Anasema kuna ngoma yake umeifungua hukuifunga. Anaomba uje mara moja."

"Kwani mimi daktari?"

"Hajasema uje kumtibu. Anasema uje uifunge."

"Dada, mwambie mzee anywe uji alale. Wimbo umeshatoka, haurudi tumboni."

Nikakata. Kessy alikuwa ameingia kuomba maji, akanitazama. Nikamwambia, wazee wa siku hizi wakisikia kitu chao redioni wanapata maradhi. Akanywa maji yake akaondoka.

Zikapita wiki. Wimbo ukazidi kushika, nami nikaamua kutoa toleo jipya la wimbo uleule, maana hapa kwetu kitu kikipendwa unakikamua mpaka kikauke. Saa nane mchana, mlango wazi kwa ajili ya joto, nimevaa hedifoni. Jedwali la ile ngoma nimelifungua na nimelipunguza mwendo kabisa, hatua moja baada ya nyingine, lijirudie polepole nisikie wapi pa kuongeza chumvi.

"Hodi hapa."

Sikugeuka. Wewe unajua hodi hujibiwa nini. Hata mtoto wa miaka mitatu anajua. Mimi nilijibu, "Tumefunga."

Akaingia. Nilimtambua palepale: kofia ileile, shati lilelile la kijani. Ila mkono wake wa kulia aliuinua usawa wa kifua, kiganja kikiangalia chini, kama mtu anayetaka kupiga ngoma akasahau kuipiga. Akavua kofia kwa mkono wa kushoto. Akakohoa. Akasema, "Mwanangu, nimekuja kwa ile ngoma." Akaketi juu ya spika mbovu niliyoiweka karibu na ukuta. Akautazama ule mkono wake. Kisha midomo ikacheza lakini sikusikia kitu. Nikasogeza hedifoni nyuma ya sikio. Akawa ameshasimama, anageukia mlango.

"Sijakusikia, mzee," nikamwambia. "Ila kama unaondoka, nenda salama."

Unaona? Hata shikamoo sikumpa. Mtu wa umri wa baba yangu.

Toka pale kwenye spika hadi mlangoni ni hatua tatu za mguu. Nilikuwa namtazama, sikupepesa. Alipiga hatua moja, na mara yuko nje ya mlango, anaingia.

"Hodi hapa."

Akavua kofia, ambayo sikumwona akiivaa. Akakohoa kikohozi kilekile. "Mwanangu, nimekuja kwa ile ngoma." Akaketi. Akautazama mkono. Midomo ikacheza. Akasimama. "Hodi hapa."

Mwenye akili angekimbia. Mimi nilifikiri nini? Nilifikiri mzee amechanganyikiwa, na watu wake wamemwachia azurure kutoka Mbagala hadi Chang'ombe. Nikaanza kumtukana Somoe moyoni. Mara ya tatu alipokohoa, macho yangu yalikuwa kwenye skrini kwa bahati tu, na nikaona ule mstari unaoteremka uko kwenye hatua ya tatu. Aliposema maneno yake, mstari uko kwenye ya nne. Alipochezesha midomo bila sauti, mstari uko kwenye ya saba, ile niliyoinyima sauti. Kwenye ya nane, amri ya kurudi, akarudi.

Nikapeleka kidole kwenye hatua ya nne, nikaandika sifuri.

"Hodi hapa." Kofia. Kikohozi. Kisha mdomo ukafunguka na kufunga, kimya. Akaketi.

Hapo sasa, wewe unayejiona mwema, ungefanya nini? Ungesema Allahu Akbar, ungezima mashine, ungepiga magoti? Nakutakia heri. Mimi niliirudisha sauti ya hatua ya nne na kuipandisha juu kabisa. Mzee Nandonde akaniambia "Mwanangu, nimekuja kwa ile ngoma" kwa sauti ya mtoto wa chekechea. Nikacheka. Nikaishusha, akaongea kama lori linapanda mlima. Nikacheka tena. Nikaongeza mwendo. Akaingia mbio, kofia, kikohozi, kaa, simama, ingia, kaa, simama, jasho linamtiririka kwenye mashavu, kifua kinapanda na kushuka, na ule mkono uko palepale juu. Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Nimeapa kusema kweli, na kweli yenyewe ndiyo hiyo. Niliona uso wake. Niliona anahema. Nikaongeza mwendo kidogo zaidi.

Kilichonisimamisha haikuwa huruma. Ilikuwa udadisi wa kifundi. Nikataka kujua hatua ya saba anasema nini. Nikapunguza mwendo, nikaenda kwenye ile sifuri, nikaiandikia sauti kamili.

Akaketi. Akautazama mkono. Akainua macho, akanitazama mimi, akasema kwa sauti yake mwenyewe, ndogo na iliyochoka:

"Mkono wangu bado uko juu. Nishushie nipumzike."

Nikaondoa vidole kwenye kibodi. Akasimama, akarudi, hodi hapa, na safari hii ilipofika ya saba nikasikia tena, mkono wangu bado uko juu, nishushie nipumzike, na tena, na tena. Alikuwa akiniomba hivyo toka mwanzo. Mimi ndiye niliyemnyima sauti, tena siku nyingi kabla hajaingia mlangoni mwangu.

Nikajaribu kumsaidia, kwa njia pekee niliyoijua. Nikaifuta amri ya kurudi. Nikasema moyoni, akifika mwisho ataondoka zake. Mzee akafika hatua ya nane, akasimama, akageuka. Mbele yake hapakuwa na hatua nyingine. Hakwenda mlangoni. Aliganda akiangalia trei zangu za mayai, na ule mkono ukaanza kutetemeka. Tuliza akili uione hiyo: mtu hana pa kurudi na hana pa kwenda. Nilimwambia, "Mzee, nenda basi." Nikamwambia, "Mzee, tafadhali." Mkono ukazidi kutetemeka.

Nikazima kila kitu. Nikachomoa waya ukutani. Skrini ikawa nyeusi.

Nikadhani sasa naye atatoweka. Mara bajaji ikapita nje, ina spika nyuma, na unajua inapiga wimbo gani. Wimbo wangu. Mzee akatoweka pale ukutani.

"Hodi hapa."

Kwa mwendo ule wa singeli, hodi kofia kikohozi mwanangu kaa tazama midomo simama, hodi kofia kikohozi, na mimi nimeshika waya mkononi, mashine imekufa, sina amri yoyote. Bajaji ikaelekea huko, sauti ikafifia, naye akafifia nayo, kila akiingia anakuwa mwepesi zaidi, mpaka nikasikia hodi peke yake bila mtu, na baadaye hata hodi haikusikika.

Nikatoka nje na ule waya mkononi. Kessy alikuwa ameketi mlangoni na miwani yake ya kuchomelea kichwani.

"Yule mzee wako vipi?" akaniuliza. "Nimemwona anaingia mara kumi, kumi na tano sijui. Mbona hatoki?"

Nilichukua bodaboda hadi Mbagala. Na usidhani nilikwenda kwa unyenyekevu. Njia nzima nilijishikiza kwenye wazo moja, kwamba mzee yu hai, ana wazimu, na mimi nimepigwa na jua. Nilipanga hadi maneno ya kuwagombeza.

Somoe alikuwa barazani anashona kwa cherehani. Mwanamke wa makamo, kitenge kifuani, uzi mdomoni. Hakunikaribisha kiti. Nikaanza, "Dada, mzee wenu mnamwachia anazurura..." Akasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Wewe ndiye yule wa uji?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Baba tumemaliza arobaini yake juzi," akasema. "Alikata roho Jumapili jioni, spika la mtaa wa pili linapiga huo upuuzi wako. Tangu mchana alikuwa anauinua mkono wa kulia, tunaushusha, anauinua. Waliomwosha ni wajomba zangu. Wamesema mkono ule hawakuweza kuulaza. Walimfunga sanda ukiwa umepanda kifuani. Wewe unajua ilivyo kumzika baba yako hivyo?"

Nilimweleza. Nilimweleza yote, hadi sehemu ya kucheka, sijui kwa nini sikuificha. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akatema uzi.

"Kumbe ulimchezea."

"Ndiyo."

"Na yeye anakuomba."

"Ndiyo."

"Sasa unataka nikwambie nini? Nikupe pole?"

Nikamuuliza ngoma inafungwaje. Akaniambia haifungwi na yeyote tu, inafungwa na aliyeifungua. Baba yake alifungua ya kwake siku ile ya jando na akaifunga vizuri, watu walishuhudia. Niliyoifungua mimi, mkono wa baba yake juu na hakuna kushuka, ni yangu. Nikamwambia nitaifuta kwenye kompyuta. Akanicheka, kicheko kibaya. "Utaifuta na kwenye simu za watu? Utaingia kila bajaji?"

Basi nikarudi na kiburi changu kingine. Si mimi ndiye fundi wa kuchonga sauti? Nikasema mapigo matatu na kimya baada yake, hicho ni kitu gani? Wiki nzima nilikaa kwenye traka natengeneza mwisho. Nilichukua kila pigo nililokuwa nalo la mzee, nikaliandikia jedwali refu, sauti ishuke hatua kwa hatua, polepole, hadi sifuri, na chini yake bila amri ya kurudi. Nilikuwa namtumia Somoe kwenye simu. La kwanza akajibu: "Hicho ni kikohozi." La pili: "Huo mlango wa friji." La sita akatuma tu picha ya cherehani. Na kila saa nane, hata mashine ikiwa imezimwa, hodi ilikuwa inapigwa, maana Dar nzima hakukosekani mtu anayepiga wimbo ule saa nane mchana.

Jumamosi nikaenda tena, safari hii bila maneno. Nilimkuta palepale barazani. Nikasema, "Shikamoo, dada." Hakuwa na umri wa kuamkiwa na mimi, lakini ndiyo iliyonitoka. Akainuka, akanipeleka chumba cha nyuma.

Ngoma ya Mzee Nandonde ilikuwa imesimama kwenye kona. Haikulazwa. Nikauliza kwa nini, akasema wajomba walijaribu, asubuhi wakaikuta imesimama. Akaniambia nikae. Akaniambia nipige mara tatu na ya tatu niweke kiganja juu ya ngozi nisikitoe mpaka ngoma yenyewe imalize kusema.

Nikapiga. Moja. Mbili. Tatu. Nikaweka kiganja. Sauti ikafa, nikautoa mkono.

"Umeutoa mapema," akasema Somoe.

"Imeshanyamaza, dada."

Akainama, akaweka sikio kwenye ngozi, akainuka. "Bado inasema."

Mimi sikusikia kitu. Na hapo ndipo nilipojua jambo ambalo naona aibu kukwambia: masikio yangu ni mabovu. Kwa miaka yote ya hedifoni na spika, yamebaki kusikia kelele tu. Kitu kidogo, sauti ile ya mwisho ndani ya ngozi ambayo mwanamke wa cherehani anaisikia, mimi mtu wa muziki siisikii. Imebidi niisikilize kwa kiganja, na kiganja changu hakina subira, kimezoea kurukia pigo linalofuata. Nakihisi kinavyoniwasha. Kila Jumamosi nakwenda Mbagala. Napiga mara tatu, naweka mkono, najikaza, jasho linanitoka kama lilivyomtoka yeye. Somoe anashona hata hanitazami. Kila Jumamosi neno lake ni lilelile, umeutoa mapema. Wakati mwingine anacheka na majirani zake wanakuja kuchungulia dirishani, prodyuza mkubwa anashindwa mapigo matatu. Na wacheke. Mimi nilimcheka mzee anahema.

Siku hizi midundo mipya sitengenezi. Wasanii wamehamia kwa wale wapasha viporo, wanasema nimerogwa. Wengine wanasema ni bangi. Wapuuzi. Wangekuwa wanajua kurekodi hata mlio wa sufuria hadi ukome wenyewe, ningewajibu. Nimebaki na Kessy, ambaye akimwona mzee anaingia huzima mashine yake ya kuchomelea, akavua miwani, akasubiri. Sikumfundisha mimi. Alianza mwenyewe.

Na wewe je? Umeona simu mfukoni umejiona mfalme. Unasimama kwenye ngoma za watu, kwenye vilio vya watu, kwenye kaswida za watu, unanyoosha mkono, unakata kipande unachokitaka na kingine unakitupa. Nakuonya, si kwa kukupenda, maana sikupendi, ila kwa sababu sitaki mwingine apatikane wa kufanyiwa nilichomfanyia yule. Ukimrekodi mtu, mrekodi hadi mwisho. Pilau halina miguu. Na ukisikia wimbo wangu unapigwa mahali, ule wa ngoma isiyokoma, tafadhali uzime. Sikuombi kwa ajili yangu.

Saa nane inakaribia, nami nina kazi. Spika ile mbovu nimeifuta vumbi na nimeweka mto juu yake akae vizuri. Akisema hodi nasimama wima, namwambia karibu, mzee, shikamoo. Nimemwamkia kila siku tangu ile Jumamosi ya kwanza. Anavua kofia, anakohoa, anasema yake, anautazama mkono. Hajaniitikia hata mara moja. Sithubutu kumlaumu, maana lile jedwali niliandika mwenyewe, na marahaba haimo katika zile hatua nane.